Anza na Mwenye Kiti Kimoja

Kuna Jumamosi moja nitaikumbuka hadi naingia kaburini, mwanangu, ingawa siku hizo nilikuwa kijana mwenye kiuno chembamba na kichwa kigumu, kama wewe. Nilikuwa nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Birmingham, na moyo wangu ulitaka kitu kimoja tu: kusomea sheria. Shule niliyoomba ilikuwa na mtihani wa kuingilia, na ndani yake mafumbo ya mantiki. Nilikuwa nimeshaufanya nikaanguka. Wakanipa nafasi ya mwisho.

Najua wewe nawe unahangaika nayo sasa, ndiyo maana nakusumbua na hadithi hii. Watu kadhaa wanakaa kwenye mstari, huyu hataki kuwa jirani wa yule, fulani lazima awe kulia kwa fulani. Haya, sema nani yuko katikati. Majibu niliyapata. Adui yangu alikuwa saa. Wazee husema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao husema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sasa kijana ashike lipi? Mimi nilichagua kukimbia, na makosa yakazidi.

Jumamosi hiyo binamu yangu Mueni alikuwa akitolewa mahari katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Balsall Heath. Msimamizi alikuwa Shangazi Mbithe, dada wa baba yangu, muuguzi aliyezoea kuamrisha wodi nzima. Akanikuta jikoni nimeinamia mafumbo huku wenzangu wanamenya viazi.

"Wewe lawyer," akasema, "weka hayo chini. Wageni wamefika. Waonyeshe pa kukaa."

Nikatoka kwa madaha. Aliyeingia kwanza nikampa kiti cha kwanza, aliyefuata cha pili, na tabasamu juu. Ukumbi ukajaa, vikabaki viti viwili vilivyogusana. Hapo ndipo mama yake Mueni akatokea jikoni, na mchumba wa Mueni akaingia kutoka kuegesha gari. Mwanangu, kwetu Ukambani mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Heshima iko kati yao. Yule mama akajifunika leso usoni, akageuka kutoka nje. Wazee wa upande wa mume wakatazamana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi akanijia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulianza na nani?"

"Na aliyefika kwanza, Shangazi."

"Aliyefika kwanza anaweza kukaa popote! Anza na mwenye kiti kimoja, asiyeweza kukaa pengine. Mama mkwe hapa, kwa wanawake wenzake. Mkwe kule, kwa wazee wake. Mzee Kioko na goti lake bovu, karibu na mlango. Hao vijana ni wa kujaza mapengo. Na ufikirie kabla watu hawajakaa, si baada ya kuwainua. Sawa?"

"Sawa, Shangazi."

Watu wakainuliwa, wakakaa upya, mazungumzo yakaanza. Mimi nikabaki nimesimama nikitaka kucheka. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwenye karatasi! Namkalisha anayetajwa kwanza, nafika mwisho nafasi hakuna, nawainua wote naanza tena. Nikamkimbilia Shangazi kumweleza ugunduzi wangu.

"Mafumbo yako siyajui," akasema. "Peleka chai."

Tangu hapo nikawa nasoma masharti yote kabla ya kushika kalamu. Nachora viti, namtafuta aliyebanwa kuliko wote, namweka. Akishakaa, wengine hujikuta hawana pengine pa kwenda. Wasio na masharti nawaacha mwisho. Mwanzoni nilikuwa mzito kuliko zamani, nusura nikate tamaa. Nikayafanya kwenye basi, nikayafanya nikingoja maji ya ugali yachemke, bila kutazama saa, mpaka mkono ukazoea. Kasi ikaja yenyewe.

Siku ya mtihani nilipoweka kalamu chini, wenzangu walikuwa bado wameinama. Nilipitia majibu yangu yote, kisha nikakaa nikitazama dari kama mwenye nyumba.

Simu ya matokeo ilinikuta kwenye maduka ya Alum Rock Road na Shangazi, tunachagua bamia. "Shangazi, nimeingia!" Bamia zikamwagika. Alipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka nje, naye akawa anamwambia kila mpita njia, "Huyu ni wa kaka yangu! Lawyer wetu!" Mama mmoja asiyejua hata neno la Kiswahili akatupigia makofi. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Basi sikiliza, mwanangu. Kasi si kukimbia. Kasi ni kutorudia njia. Soma yote, chora, anza na palipobana, na yaliyo mepesi yatajipanga. Ukianguka, rudia bila hasira. Mimi leo ni mwanasheria wa miaka mingi, na asubuhi nikifungua ofisi, simwiti kwanza mwenye sauti kubwa. Namwita asiye na mlango mwingine wa kubisha.

Mungu akutulize mkono, akufungue macho, akuketishe mahali ambapo wanyonge watakuona na kupumua. Nenda kashinde, mwanangu.