Mwenye Wazo Huezekewa Mwisho

Iko siku siisahau, mwanangu, ingawa nimeona siku nyingi na nyingine nimezitengeneza mwenyewe kwa mikono hii. Nilikuwa kijana hapa hapa Zinga, elimu yangu darasa la nne na nguvu zangu za watu watatu. Usicheke, waulize waliokuwepo. Nilikuwa nimesimamisha kuta za udongo za nyumba yangu ya kwanza, makombamoyo ya kubebea paa yamekaa sawasawa, na juu yake mbingu tupu. Masika yanakaribia. Mke wangu Zuhura ana mimba, na mkwe wangu ameleta salamu kutoka Lugoba: mvua ikianguka hatuna paa, anakuja kumchukua binti yake.

Sasa tazama nilivyokuwa na akili. Niliangaza macho nikaona si mimi peke yangu. Majirani kadhaa tulikuwa na kuta bila paa, kila mmoja anasuka makuti yake peke yake, anahangaika na fundi peke yake, na hamalizi. Nikawaita. Nikasema tuezekeane kwa zamu, kila Jumapili nyumba moja, kila mtu aje na mikono yake na makuti aliyosuka, asiwepo wa kulipa wala wa kulipwa. Wazo lile lilikuwa langu. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaojidai siku hizi kwamba lilikuwa lao.

Tulikaa barazani kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyewafundisha kusuka makuti nusu ya wanawake wa kijiji. Watu wakakubali. Nikapiga makofi, nikasema, "Basi, Jumapili hii tunaanza kwangu."

Bi Mwanaidi alikuwa anasuka, hata uso hakuinua. "Kwa nini kwako?"

"Mimi ndiye niliyewaita, bibi. Na hali ya Zuhura unaiona."

"Zuhura namwona. Zuhura aje alale kwangu hata leo. Nakuuliza wewe."

Rafiki yangu Sefu, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akadakia: "Mwache aanze, bibi. Huyu akilowa anayeyuka kama sukari guru."

Baraza zima likacheka. Bi Mwanaidi hakucheka. "Wewe si unajua kuezeka? Makuti unaanza kuyafunga wapi?"

"Chini, bibi, kwenye ukingo. Halafu unapanda."

"Na ukianzia juu?"

"Maji yatapita chini ya kuti, yaingie ndani."

"Haya. Wewe umejiweka juu yetu, umetuita na tumeitika. Basi utafunikwa mwisho. Ukianza kwako, hawa watakuwa vibarua wako. Na kibarua akishapata chake, humwoni tena."

Moto ulinipanda, mwanangu. Nilivaa kandambili zangu niondoke na wazo langu, nione watafika wapi. Ni Zuhura aliyenishika shati. "Rudi ukae," akaniambia. "Mimi nalala kwa bibi. Wewe kaezeke."

Tulianza kwa Mzee Kombo, ambaye macho yalikuwa yanamwishia na asingeweza kupanda ngazi. Kisha mwingine, kisha mwingine. Mwenye nyumba alitupikia alichonacho, muhogo na chai ya rangi. Mmoja alitaka kutuchinjia kuku, Bi Mwanaidi akamkataza, akasema kesho mwenye muhogo ataona haya kutuita. Hatukuwa na mkubwa wa kutupigia kelele. Asiyekuja hakutozwa faini. Mke wake alikwenda kisimani akaulizwa, mume hajambo? Ikatosha.

Nyumba zote zikapata paa, ikabaki yangu. Jumapili yangu ikapambazuka na masika ndani yake. Mvua haikuomba hodi. Nilisimama katikati ya kuta zangu, udongo niliokandika kwa mikono yangu unateremka kama uji, na moyoni nikasema, kila mtu sasa yuko pakavu, nani atatoka? Na mkwe wangu naye yuko njiani.

Kwanza nikasikia sauti. "Sukari guru, bado upo?" Sefu, mzigo wa makuti kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kidevuni. Nyuma yake wote. Nasema wote, hata Mzee Kombo, aliyekaa chini akitukatia kamba kwa kupapasa. Tulifunga makuti kwa mikono inayoteleza, tunatukanana kwa furaha. Mkwe wangu akatokea na mwavuli wake.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Yuko kwangu, pakavu, anakula," alisema Bi Mwanaidi. "Wewe mzee, hebu wapelekee hizo kamba kwanza."

Mkwe wangu alitazama juu, akatazama watu, akafunga mwavuli. Alikuja kuchukua binti, akarudi Lugoba na tope mpaka magotini. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa chini ya paa lile.

Leo ukiuliza matofali kuanzia Zinga mpaka Bagamoyo mjini utaelekezwa kwangu, na malori yangu unayajua kwa honi. Nimejijenga mwenyewe. Lakini mchanga wa tofali la kwanza nilibebewa na watu wale wale, na nilikuwa na uso wa kuwaomba kwa sababu nililowa mimi wakati wao wamekauka.

Ndiyo maana nakusimulia haya. Juzi mlikuja kuniomba lori la kubeba mabomba ya maji. Mmechimba kisima wenyewe, mmechaguana kamati wenyewe, hamkungoja mfadhili wala wa kuja kukata utepe. Mimi ni mtu wa kujisifu, na siku ile niliwasifu ninyi. Kisha nikakuuliza bomba litafika kwa nani kwanza. Ukanijibu, kwa mwenyekiti, maana ndiye aliyehangaika. Na mwenyekiti ni wewe.

Mwanangu, kuhangaika kwako watu wamekuona. Usijilipe. Siku utakayofungua koki kwako wakati jirani anabeba ndoo, utakuwa na maji na huna kamati. Lori litakuja, ila dereva nimemwambia asishushe mlangoni pako. Atashusha kule mwisho, kwenye nyumba iliyo mbali kabisa na kisima. Chimbeni mtaro kutoka huko kuja kisimani. Hapo hakuna atakayeonja tone mpaka wote mmeunganishwa, na koki yako iwekwe ya mwisho.

Mola akujaalie maji matamu yanayokufikia baada ya majirani zako. Na mvua ikikukuta huna paa, ikukute una watu.