Taa Mbili kwa Uso wa Mama Mkwe

Mwaka mmoja mama mkwe wangu aligoma kupigwa picha. Katika kila picha ya Krismasi kule kwao Marangu, ukoo mzima umejipanga mbele ya nyumba saa saba mchana, yeye alitoka kitambaa cheupe cha kichwani na meno, basi. Katikati, penye uso, palikuwa giza tu, hapakuwa na mtu.

"Nikifa mtaweka nini juu ya jeneza?" aliuliza mwaka ule. "Kitambaa?"

Wote walicheka. Mimi nilikasirika, maana katika ukoo ule mwenye studio ya picha, pale Soweto mjini Moshi, nilikuwa mimi. Nikaapa moyoni kwamba mama huyu atapata uso.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vinamiminika kutoka Kenya. Himo, karibu na mpaka, nikamkuta mfanyabiashara mwenye taa za studio, zile zinazolipuka mwanga mara moja unapobonyeza kamera. Alinisukumia moja kubwa, kali, akidai itamulika hadi kwenye theluji ya Kilimanjaro. Nikaikataa. Jua la saa saba nalo ni taa moja kubwa, kali, na kazi yake tulishaiona. Nikachukua mbili ndogo, kila moja na mwavuli wake mweupe. Mume wangu alipoiona miavuli akaniuliza kama ndani ya studio kunanyesha.

Mama mkwe alishuka mjini Jumamosi moja, nadhani kwa kunihurumia tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye stuli. Alikuwa amejipaka mafuta ya mgando uso mzima, kama tulivyofanya sote tukienda kupiga picha. Taa zile zina balbu ndogo inayowaka muda wote ili uone mwanga utaangukia wapi. Nilipoiwasha, paji lake la uso likawa doa jeupe. Na mkamwana hamwambii mama mkwe wake apanguse uso. Afadhali nife.

Basi, kama uso hauguswi, taa ziguswe. Nikaigeuza ya kwanza ikampa mgongo, mwanga ukapiga kwenye mwavuli na kumrudia taratibu kutoka ubavuni. Doa likayeyuka. Mafuta yale yale yakaanza kunifanyia kazi: yakachora shavu, pua, ukingo wa taya. Pazia jeusi la nyuma lilikuwa linammeza, kwa hiyo nikalishusha, nikatundika shuka la kijivu na kulielekezea taa ya pili.

"Unahangaika nini, mwanangu? Piga tu, sura ni ile ile."

"Kidogo tu, mama."

Taa zikalipuka pamoja. "Mae!" akaruka, akishtuka kwa Kichaga, kisha akaangua kicheko; nikapiga nyingine akiwa bado anacheka.

Siku picha iliposafishwa nilipanda nayo Marangu. Aliitoa kwenye bahasha, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Kila mkunjo ulikuwepo, na kovu la utotoni juu ya nyusi, na macho, macho jamani, yenye mtu ndani. Akapitisha kidole juu ya lile kovu.

"Huyu ni mama yangu," akasema mwishowe. "Kumbe nimekuwa mama yangu."

Furaha ilinishinda. Nikapiga vigelegele peke yangu pale mlangoni, kuku wakatimka uani.

Jumapili aliibeba kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, na wiki iliyofuata akina mama wa Marangu wakaanza kushuka Soweto, wote wanang'aa mafuta. Karibuni, niliwaambia, msipanguse kitu.

Nyumbani aliitundika sebuleni, juu ya redio. Mume wangu, mtu wa kupanga mambo mapema, akasema angalau sasa tunayo ya kuweka juu ya jeneza. Mama mkwe akamgeukia kwa ukali.

"Hii ni ya ukutani. Ya jeneza mkeo atanipiga nikizeeka."