Jumamosi Mbili za Mama Mikate

Saa tisa alasiri, mikate ya mwisho imetoka tanurini na Mama Mikate anajifuta unga kwenye aproni. Simu yake imo ndani ya mfuko wa nailoni, unga usije ukaiharibu, na kidole gumba kinacheza juu ya mfuko huohuo. Ni Jumamosi, siku ya mashindano ya sataranji ya mtandaoni.

"Usinisemeshe kwanza, mwandishi," anasema bila kuinua macho. "Hapa ukipiga chafya tu, malkia kaliwa."

Si utani. Kila mchezaji ana dakika tatu kwa mchezo mzima. Zikikuishia umeshindwa, hata kama kete zako zimejaa ubaoni. Ndiyo maana hatua za mwanzo anazicheza chapuchapu, kwa mazoea, ili muda autunze kwa pale mambo yatakapochacha. Mteja anaingia akitaka mikate miwili. Anaonyeshwa rafu kwa kidevu, ajihudumie.

Anashinda, lakini hafurahi. Anafungua orodha ya wachezaji, anaipitia mpaka chini.

"Hayupo," anasema.

Anayemtafuta ni baba yake, fundi rangi mstaafu, anayejiita Mkono wa Rangi huko mtandaoni. Ndiye aliyemfundisha mchezo huu utotoni, ubao ukiwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, vizibo vya soda vikishika nafasi ya askari waliopotea. Kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia, mzee alinyong'onyea. Binti huoka mikate themanini kwa siku, na faida yake ni ya kubangaiza. Alijinyima miezi mitano akamnunulia simu.

"Akafufuka! Nyumba nzima ikawa kelele: nimemla farasi, nimemla farasi!"

Kisha, Jumamosi moja, kompyuta ya mashindano ikawakutanisha wao kwa wao. Mzee alikuwa na malkia na askari wawili, binti ngome peke yake. Lakini mkono wa kushoto wa mzee ni mzito. Binti akawa anaipeleka ngome huku na kule bila shabaha yoyote, anangoja tu saa imwishie babake. Ikamwishia.

"Zawadi ilikuwa bando la intaneti la wiki. Bando, jamani! Nikarudi nyumbani kichwa chini, nikamkuta anacheka. 'Mwizi mkubwa wewe,' akaniambia. 'Ila sheria ni sheria. Jumamosi ijayo nakunyoa bila maji.'"

Yangeishia hapo, lau huruma isingemponza. Jumamosi iliyofuata walikutana tena, na safari hii binti ndiye aliyekuwa anaongoza. Akaiweka simu juu ya gunia la unga, akakunja mikono, akaiacha saa yake iishe.

Jioni alimkuta mzee ameitia simu kwenye droo.

"Uliiacha simu kwa nini?" mzee akauliza.

"Nilikuwa natoa mikate, baba."

"Saa tisa na nusu? Mikate yako hutoka saa tisa."

Tangu siku hiyo simu hutoka drooni ikiita tu, na sataranji hataki hata kuisikia.

"Nilidhani kosa langu ni lile la Jumamosi ya kwanza. Kumbe!" Mama Mikate anakaa juu ya gunia. "Kuzidiwa saa alikubali, tena kwa kicheko. Kuonewa huruma na mtoto wake mwenyewe, halafu akadanganywa juu yake, ndiko kulikomkata maini. Pale kwenye mchezo alikuwa mzima kama mtu yeyote. Mimi nikamkumbusha kuwa ni mgonjwa."

Amemwomba radhi mara kadhaa. Mzee hujibu, "Yamepita, mwanangu," akageukia gazeti lake. Binti anajua hayajapita.

Mteja mwingine anagonga kaunta. Mama Mikate anamfungia mkate, anamrudishia chenji, kisha ananigeukia.

"Baba hulisoma gazeti lenu lote, mpaka matangazo ya vifo. Mimi nikisema kwa mdomo haniamini tena. Basi andika hivi: Jumamosi ijayo nitakuwepo, mikate ikishatoka. Nikikutana na Mkono wa Rangi nitamchapa. Na mkono wake ukichelewa, nitaiacha saa imwishie, nami nitalichukua bando."

Anajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vina unga.

"Andika vivyo hivyo, kaka. Usilainishe."