Avoka za Mama Evodie

Mama Evodie alipoolewa na Papa Floribert, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, alikuja na mbegu tatu za avoka kutoka kwa mama yake. Alizipanda nyuma ya nyumba, kwenye parseli yao, kiwanja cha chini karibu na ziwa, mjini Kalemie. Aliilinda ile miti isiliwe na mbuzi, akaiwekea samadi, akangoja miaka mpaka ikazaa avoka nene, zenye nyama ya manjano, ambazo majirani walikuja kuziomba.

Kisha ziwa likapanda. Majirani wa chini walihama. Kwake maji hayakuvuka kizingiti, naye akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote.

Mvua zilipokwisha, majani ya muti wa kwanza yalilegea na kugeuka manjano. Evodie alijua ni kiu. Asubuhi na jioni alijitwika beseni la maji, akaumwagia. Majani yalizidi kudondoka, naye akazidi kubeba. Floribert alimwambia apumzike, wakagombana. Muti wa pili nao ukaanza.

Siku moja wifi yake, Hélène, dada ya Floribert, alishuka kutoka kwake mlimani kuwasalimu. Aliizunguka ile miti, akaomba jembe, akachimba kando ya shina. Shimo lilipofika kina cha mkono, likajaa maji lenyewe. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka.

«Wifi,» alisema polepole, «muti huu hauna kiu. Maji njo yanauua.»

Evodie alikaa chini palepale kwenye matope. Shingo ilikuwa bado inamuuma kwa mabeseni. Kama ziwa lingeingia mlangoni angeliona, angehamisha vitu. Lakini lilipita chini ya ardhi, na yeye akalisaidia.

Alichimba mfereji, nao ukajaa. Miti miwili ilikauka. Floribert aliipasua kuni, na Evodie akakataa kupikia kuni hizo, mpaka mvua zilipoanza na makaa yakakosekana. Akapika, akinuna.

Kabla muti wa tatu haujafa, alikata vijiti vyenye macho, akapanda navyo mlimani kwa Hélène, ambako miche ya avoka ilikuwa imejiotea jalalani. Alivipandikiza vijiti kwenye miche hiyo, akafunga kila kidonda kwa kipande cha sashe, mfuko wa plastiki. Vyote vilikauka isipokuwa kimoja.

Mwaka huu kile kimoja kimezaa. Hélène alimtuma binti yake na kikapu kilichofunikwa kitambaa safi. Msichana alipiga magoti kidogo, akasema, «Mama anakusalimia. Anasema uonje avoka zetu.»

Evodie alifunua. Zilikuwa zilezile za mama yake, mpaka na vidoa vya ngozi. Alishika moja, neno «zetu» likimrudia. Mtoto alikuwa anangoja jibu la kupeleka.

«Mwambie asante sana,» alisema Evodie.

Akarudisha kikapu, na ndani yake akaweka ndagala, maana kikapu cha wifi hakirudi kitupu.