Mfumo Unaojua Kunyamaza

Hebu mwone fundi cherehani akiingia kwa fundi kompyuta, utepe wa kupimia shingoni, kompyuta kwapani, wifi yake, dada wa mumewe, nyuma. Vipimo vya wateja wake ni siri. Vikivuja, hana kazi.

“Mfumo endeshi huu una mapambo mengi,” akaambiwa. “Huu mwingine ni mwepesi, ila unafunga siri barabara.”

“Weka huo. Mapambo nitashona mwenyewe.”

Ulipowekwa, akaingiza vipimo, akafunga kwa neno la siri, akamsogezea wifi yake. “Haya, mpekuzi, nitafutie kiuno cha jirani.”

Wifi alibonyeza mpaka akanuna. “Kompyuta yako ina roho mbaya, wifi.”

“Ndiyo niliyoitaka.”

“Basi nionyeshe changu tu.”

Fundi kompyuta alikuwa amesimama hapo hapo, macho kwenye kioo. Ungekuwa wewe, ungemfungulia wifi yako?