Gurudumu Ambalo Ondrej Timko Hakulizungusha

Ondrej Timko alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kituo cha gesi cha mpakani, na katika miaka yote hiyo hakuvunja kanuni hata moja iliyoandikwa. Ile isiyoandikwa aliivunja mara moja tu. Nasimulia sasa kwa sababu yeye ameshakufa, Vasil Hanyč ameshakufa, na hakuna tena mtu wa kupelekwa mahakamani.

Mimi nilikuwa mchomeleaji kwenye bomba hilohilo. Wote wawili niliwajua.

Vasil alikuwa mwenzake Ondrej wa upande wa pili. Bomba linalovuka mpaka lina wenyewe wawili. Huyu anasoma mita yake, yule anasoma yake, kisha wanalinganisha, maana gesi haionekani na kila mtu ana sababu ya kudanganya. Siku ya gesi huanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo, majira ya joto na majira ya baridi, Ondrej aliinua simu.

"Kumu, umeamka, au nazungumza na ndoto yako?"

"Nimeamka tangu jogoo. Mita yako ndiyo imelala. Inasoma kama babu yangu, naye alikuwa kipofu."

"Kipofu gani? Kwenye sahani ya nyama aliona kuliko sisi wote. Haya, toa namba."

Waliitana kumu kwa sababu Vasil ndiye aliyemshika binti wa Ondrej siku ya ubatizo, na kwetu mtu aliyekushikia mtoto kanisani si jirani tena, ni ndugu. Tarehe mosi ya kila mwezi Vasil alivuka mpaka kwa miguu. Walikagua mita pamoja, wakabana lakiri mbili za risasi, yaani mihuri ya kuzuia mita isiguswe, kwenye waya mmoja, moja yetu na moja yao, kisha wakala mkate, kitunguu na mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa, wameketi juu ya kreti. Sasa mita zinakaguliwa na mashine. Mashine hazili kitunguu pamoja.

Kanuni isiyoandikwa ilikuwa hivi. Bomba refu ni kama ghala: ndani yake daima kuna gesi ya ziada, imebanwa, inangoja. Presha ikimshukia mwenzako, unazungusha gurudumu la vali kwanza, unauliza baadaye. Ikifika Jumapili, yeye anakurudishia vivyo hivyo. Ondrej alizungusha mara nyingi, Vasil alizungusha mara nyingi. Mji mkuu haukujua, na hakuna nyumba iliyopata baridi.

Kisha wakaja watu wa kompyuta. Vali ikawa inafunguliwa kutoka mji mkuu, kilomita mia nne mbali, na watu ambao hawajawahi kugandisha kidole. Kila kampuni, ya kwetu na ya kwao, ikawa inatuma namba ya gesi ya kesho yake. Namba mbili zisipolingana, inafuatwa iliyo ndogo. Mwenye kukosea haijalishi ni nani, anayepata baridi haijalishi ni nani, ndogo ndiyo inayofuatwa. Gurudumu la mkono wakaliacha, kwa dharura tu, limefungwa kwa waya na lakiri ya kampuni.

Wakati huo gesi ilikuwa imegeuzwa. Zamani ilitoka kwao kuja kwetu. Sasa ilitoka kwetu kwenda kwao. Na majira yale ya baridi bomba lao kubwa lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo mji wa Vasil, Verbivka, nyumba elfu nne, ulipumua kupitia vali ya Ondrej peke yake.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, baridi ikiwa digrii kumi na tisa chini ya sifuri, Vasil alipiga simu saa moja asubuhi. Hakutania.

"Kumu, presha inaniporomoka. Sisi tumeomba tisini, mnatupa sitini."

"Hapa kwangu imeandikwa sitini."

"Basi karani wa mtu fulani amekosea kuandika. Watasahihisha kufika mchana, nimeshawapigia. Lakini mimi sifiki mchana. Nikifika saa nne ni bahati. Zungusha."

Ondrej alikuwa anajua maana yake. Presha ikishuka chini ya kiwango, vifaa vya mji hujifunga vyenyewe na kila moto katika kila nyumba huzimika. Hapo huwezi kurudisha gesi tu. Ukiirudisha, itatoka kimyakimya kwenye kila jiko lililozimika likiwa wazi. Lazima watu wapite mlango kwa mlango, wafunge koki ya kila nyumba, ndipo gesi irudi, ndipo wapite tena kuwasha. Nyumba elfu nne, katika baridi ile.

"Ngoja niulize," alisema Ondrej.

"Unauliza? Tangu lini unauliza?"

"Kuna lakiri, Vasil."

"Ivunje! Mimi nilivunja ngapi kwa ajili yako?"

Ondrej alipiga simu mji mkuu. Mtu wa zamu alimjibu kwa adabu nyingi.

"Namba hazilingani, bwana Timko. Utaratibu unaujua."

"Naujua. Lakini kule kuna watu."

"Na huku kuna watu. Je, upande wetu kuna dharura?"

"Upande wetu hakuna."

"Basi usiguse kitu. Ukivunja lakiri nitalazimika kuandika ripoti, na wewe umebakiza miaka minne."

Miaka minne ya kufikia pensheni, ndiyo maana yake. Ondrej aliniambia kwamba aliliendea gurudumu mara tatu. Mara ya tatu alivua glavu na kulishika. Lilikuwa la baridi kiasi kwamba ngozi ya kiganja ilibanduka, na hilo tu ndilo alilopata. Simu iliendelea kulia kutoka kwa Vasil. Saa nne na dakika kumi ikanyamaza.

Mchana namba zilisahihishwa. Tisini. Vali ikafunguka yenyewe, vizuri kabisa, ikisukuma gesi kwenye mji ambao haukuweza tena kuipokea.

Ningependa kusema kwamba alikuwa mwoga. Ingekuwa rahisi. Lakini jioni ileile aliomba likizo ya siku tano, na kesho yake asubuhi alivuka mpaka kwa basi, na mfuko wa spana begani. Alimkuta Vasil kwenye uwanja wa shule, anagawa mitaa kwa vikosi, nyusi zimeganda barafu.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nipe mtaa."

"Wewe ni mgeni. Huruhusiwi kushika hata koki ya maji hapa."

"Nipe mtaa, kumu."

Vasil alimtazama. Kila aliyekuwa na mikono miwili alikuwa ameshatumwa, na bado mitaa sita ilibaki. Akampa karatasi ya mtaa wa kanisani, nyumba thelathini na nane.

"Karatasi nitatia sahihi mimi. Ukiulizwa, wewe ni binamu yangu bubu."

"Bubu nitaweza."

"Jana uliweza vizuri sana," Vasil alisema, akageuka.

Siku mbili Ondrej alipita nyumba kwa nyumba. Aliingia, akafunga koki, akachora alama ya chaki getini. Watu walikuwa wamelala na makoti. Katika nyumba moja walimpa chai, wakamsifu binamu bubu kwa bidii yake, na mwenye nyumba akawalaani kwa sauti wale wanyama wa ng'ambo waliofunga gesi. Alikunywa chai.

Katika nyumba namba ishirini na mbili alifunguliwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Akafunga koki ya nyumba, akachora chaki, akaenda ishirini na nne.

Hakuzunguka nyuma. Upande wetu tuna majiko ya uani kama wao, vijumba vya kupikia ili joto na harufu vikae nje ya nyumba, lakini sisi tunayaendesha kwa mitungi. Verbivka, wazee wa zamani walivuta bomba hadi jiko la uani, na walilitoa kwenye bomba la mtaa kabla ya koki ya nyumba ili wasihangaike na kuta, kwa hiyo ukifunga koki ya nyumba, jiko la uani halifungwi. Kila fundi wa Verbivka analijua hilo. Vasil hakumwambia Ondrej, kwa sababu hakuna mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba nyumba ina paa. Na bubu haulizi.

Kwenye jiko la uani la namba ishirini na mbili aliishi mama mkwe wa yule mwanamke, bibi Hafija, miaka themanini na moja. Majira ya baridi alilala humo kwa sababu chumba kidogo kinapata joto kwa moto mdogo. Siku ile alikuwa kwa jirani mwenye jiko la kuni. Moto wake ulikuwa umezimika wenyewe Jumanne. Koki ya jiko ilibaki wazi.

Ijumaa gesi ilirudi. Jumamosi asubuhi bibi Hafija alirudi kwake, pua yake ilikuwa imeshakufa zamani, akawasha kiberiti.

Alikaa hospitali siku tatu, akafa. Kijumba hakikubakiza hata mlango.

Ondrej alikuwa ameshavuka kurudi nyumbani. Alipata habari kwa redio, na mtaa ukatajwa. Alikuwa mezani, mkewe amempakulia supu ya kabichi. Alinieleza kwamba hata kabla hawajataja namba ya nyumba alikuwa ameliona lile geti, na chaki yake juu yake.

Uchunguzi ulikuwa mfupi. Karatasi ya mtaa wa kanisani ilikuwa na sahihi moja. Vasil alisema kwamba alipita mwenyewe na kwamba alisahau uani. Fundi wa miaka thelathini na tatu, amesahau uani! Hata hakimu hakuamini vizuri, lakini karatasi ni karatasi. Akahukumiwa miaka mitatu ya kifungo cha nje, asiguse gesi tena maisha yake yote, na nusu ya pensheni ikaenda.

Wiki hiyohiyo Ondrej alipokea barua kutoka mji mkuu. Niliisoma kwa macho yangu. Ilimpongeza kwa utulivu na kwa kufuata utaratibu katika mazingira magumu. Ilikuwa na mhuri wa rangi.

Alikwenda kwa Vasil masika yale. Vasil alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha mbao, ana kibanda, ana mbwa wa watu wengine.

"Nimekuja tuende kwa hakimu," alisema Ondrej. "Nitasema ni mimi."

"Utasema nini? Kwamba nilimpa mgeni spana na karatasi, nikaidanganya mahakama? Hicho si kifungo cha nje tena. Hicho ni cha ndani, miaka saba. Mke wangu ataishi na nini?"

"Vasil, siwezi kulala."

"Usilale."

"Nifanye nini basi?"

"Siku ya kufanya ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi. Ulikuwa na gurudumu mkononi." Vasil alimmiminia mbwa maji. "Ningekuwa na wewe kwenye simu mpaka mchana. Ningekuimbia. Bibi yule angekuwa hai, anagombana na mkaza mwana wake. Sasa unanitaka nikusaidie kujisikia vizuri. Nenda nyumbani, bwana Timko."

Miaka minne iliyobaki Ondrej aliimaliza. Kila asubuhi saa kumi na mbili alipiga simu ng'ambo, na mwanamke mwenye sauti nzuri alimsomea namba, naye akasoma zake, wakaagana. Baadaye hata simu hiyo ikaondolewa, na kituo kikawekwa kamera badala ya watu. Mimi nilistaafu mwaka mmoja kabla yake. Sikuona kitu cha kubakia.

Vasil alikufa kwa mapafu, miaka miwili baada ya hapo. Ondrej alinitaka nimsindikize. Tulisimama nyuma kabisa, kwenye matope, tukaimba wimbo wa wafu pamoja nao kwa kuwa wimbo ni mmoja pande zote mbili. Tulitaka kuondoka kimya, lakini mjane wa Vasil, Olena, alitukuta getini.

"Kumu," alimwambia Ondrej. "Usiondoke hivihivi. Ingia ule."

"Tuna safari, Olena," alisema Ondrej.

"Mume wangu hakupenda kuzungumza habari za majira yale. Lakini mimi najua. Katika watu wote wa upande ule, wewe peke yako ulikuja na spana. Likizo yako mwenyewe, nauli yako mwenyewe." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilikuwa nangoja siku ya kukushukuru."

Nilimtazama Ondrej. Nilidhani sasa atasema kwamba nyumba ile aliipita yeye. Vasil alikuwa ardhini, hakuna jela inayofika huko. Mdomo ulifunguka. Lakini mama yule alikuwa amebakiwa na nini cha mumewe, isipokuwa imani kwamba alisahau tu, kama binadamu anavyosahau, na kwamba rafiki mmoja alikuja kumsaidia? Ondrej akaufunga mdomo.

Wakatuketisha mezani, karibu na familia. Olena alimpakulia yeye kwanza, kabla ya padri, akajaza sahani hadi ukingo, akasimama pembeni kuona kama anakula. Akala. Alikula yote.