Jina la Mdudu wa Bwawani

Shangazi yangu hakujaliwa mtoto, na ukoo wa mumewe haukumwacha asahau. Mama mkwe wake alimwambia mezani, mbele yetu sote, huku akipaka siagi kwenye mkate, "Wewe ukifa ndio basi. Hakuna atakayeitwa jina lako." Shangazi akamwongezea chai.

Kazini, kwenye jumba la makumbusho, walimwita Mama Wadudu. Alishinda chumbani kunakonuka spiriti, jicho kwenye hadubini. Humo alimleta mdudu wa miguu mirefu anayeteleza juu ya maji bila kuzama, kutoka bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimlaza dume chali, akalinganisha ncha ya tumbo lake na za jamaa zake wote kabatini, maana hapo ndipo wanapotofautiana. Hakufanana na yeyote. Shangazi akapima, akachora, akaandika maelezo ya spishi mpya mwanzo hadi mwisho.

Mkuu wa idara, bwana mwenye maneno matamu, akamwita.

"Mama, huyu mdudu nimpe jina lako?"

"Langu?"

"Lako. Ila desturi yetu unaijua, mwandishi hajipi jina mwenyewe. Jitoe kwenye makala, nibaki mimi, halafu nikuenzi."

Msomi mzima akaingia mkenge. Nilimwonya, akaniambia makala husahaulika, jina la mdudu hubaki. Alilitaka jina lile kama mgonjwa anavyotaka maji.

Makala ilipotoka, mdudu alikuwa na jina la mjukuu wa mkuu, kitoto ambacho hata meno hakijaota. Shangazi hakutajwa popote, hata kwenye shukrani. Alikwenda ofisini kwa mkuu, mimi nyuma yake.

"Usiweke moyoni, mama," mkuu alisema. "Bibi yake mtoto alishikilia, ningefanyaje? Wewe utapata mwingine. Wadudu wapo tele."

"Sitapata. Bwawa wamelifukia."

"Pole." Akamsogezea kikaratasi na kalamu. "Hebu tuandikie lebo ya ile chupa ya mdudu. Mwandiko wako unasomeka."

Nilidhani atamtupia ile kalamu usoni. Alikaa, akaandika jina la mtoto wa watu, herufi moja moja, kwa mwandiko wake mzuri. Nilimchukia mkuu, na kwa dakika hiyo nilimchukia na yeye.

"Hapa kwa aliyemkamata," aliuliza bila kuinua uso, "niandike nani?"

"Andika idara," alisema mkuu.